KUCHAGUA KAMBALE WA TANGI LA SAMAKI WA AINA NYINGI

Tangi la kioo lenye samaki hai ni chombo cha kufundishia chenye manufaa makubwa. Ndani yake mwanafunzi huona kwa macho yake mambo ambayo kitabu humweleza kwa maneno tu: upumuaji, ulishanaji, uzazi, ushindani na mzunguko wa naitrojeni. Lakini chombo hicho kina sharti moja. Samaki waliomo hawana pa kukimbilia. Mtoni au ziwani samaki dhaifu humwepuka aliye na nguvu kwa kuhama au kujificha. Katika tangi, kosa la mchaguzi hulipwa kwa uhai wa samaki, na mara nyingi hulipwa usiku mmoja.

Ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari iliyoko Nyakitonto, katika nyanda zilizo kati ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Chama cha sayansi cha shule hiyo kinakusudia kutengeneza tangi kubwa la samaki wa ukanda wa mawe wa Ziwa Tanganyika, na kinataka kuongeza kambale wa kuishi sakafuni. Je, kambale yupi anafaa? Swali hili laonekana dogo, lakini kulijibu sawasawa kwahitaji elimu ya viumbe, kemia na fizikia kwa pamoja.

Kambale ni samaki gani?

Kambale si samaki mmoja. Jina hilo hukusanya oda nzima ya Siluriformes, yenye spishi zaidi ya 3,000 duniani. Wengi wao wana sharubu zinazozunguka mdomo, na sharubu hizo ni viungo vya kugusia na kuonjea. Hawana magamba ya kawaida. Wengi hutafuta chakula usiku au katika maji ya tope, ambako macho hayafai kitu. Wengi pia wana miba migumu katika pezi la mgongoni na mapezi ya kifuani.

Kwa kuwa kundi hili ni kubwa mno, kusema kwamba "kambale ni mpole" au kwamba "kambale ni mkali" hakuna maana. Kuna kambale asiyezidi urefu wa kidole, na kuna anayepita urefu wa mtu mzima. Mchaguzi hana budi kuuliza habari za spishi moja moja. Maswali yanayomfaa ni manne: Anatoka katika maji ya namna gani? Akikomaa atakuwa na ukubwa gani, na mdomo wake utakuwa na upana gani? Hujilinda na hupata mawindo kwa njia gani? Huzaa vipi?

Swali la kwanza: maji

Mtu wa Nyakitonto ana maji ya aina mbili ya kuyafikiria. Aina ya kwanza ni ya mito ya nyanda za juu, hasa Mto Malagarasi na vijito vyake. Malagarasi huanzia katika milima ya mpakani mwa Tanzania na Burundi, hupita kati ya nchi ya Kasulu na Kibondo, huingia katika mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha hugeukia magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Aina ya pili ni maji ya ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal. Sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke, na ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa Mto Lukuga. Mvuke hauchukui chumvi, chumvi hubaki. Kwa sababu hiyo, pamoja na madini yaletwayo na Mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, maji ya Tanganyika ni ya alkali. Kipimo chake cha pH huwa karibu 9, na joto la maji ya juu huwa kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi katika sehemu kubwa ya mwaka. Maji ya mito ya nyanda za juu, yatokanayo na mvua na chemchemi, kwa kawaida huwa na chumvi chache zaidi na hupoa zaidi wakati wa usiku.

Mto na ziwa hili huungana, lakini samaki wake hawafanani kabisa. Wanasayansi wameona kwamba baadhi ya samaki wa Malagarasi wanashabihiana na wale wa bonde la Mto Kongo, na wengi wao wakaona kwamba mto huo ni wa kale kuliko ziwa. Samaki wa ukanda wa mawe wa ziwani, kwa upande wao, wamejiunda kwa mamilioni ya miaka katika maji yasiyobadilika sana. Kwa hiyo, kama tangi ni la samaki wa ziwani, kambale wake naye atoke ziwani. Huo ndio mchujo wa kwanza.

Swali la pili: ukubwa na mdomo

Kambale apatikanaye kwa urahisi kuliko wote ni kambale mumi, Clarias gariepinus. Watoto humkamata mabwawani na katika mitaro ya mashamba. Akiwa na urefu wa sentimita 5 huonekana mnyenyekevu, na wengi hushawishika kumtia katika tangi.

Huko ni kukaribisha maafa. Mumi hukua haraka; akilishwa vizuri katika bwawa aweza kufikia uzito wa kilo moja katika muda wa mwaka mmoja hivi, na akikomaa aweza kupita urefu wa mita moja. Hula wadudu, konokono, mimea, mizoga na samaki. Tena ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa, kwa hiyo maji ya tangi yakiharibika wenzake hufa naye hubaki. Yawezekana pia akatoka ndani ya tangi lisilofunikwa na kutambaa sakafuni. Sifa hizo zote zinamfanya awe samaki bora wa bwawa la ufugaji, na ndizo zinazomwondoa katika tangi la mchanganyiko.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni nyepesi: samaki yeyote anayeweza kuingia katika mdomo wa mwenziwe ni chakula, hata kama mchana kutwa wawili hao wanaonekana kama ndugu. Upimaji ufanywe kwa ukubwa wa samaki aliyekomaa, si kwa ukubwa wa siku ya kununuliwa. Kanuni hii haiwahusu kambale peke yao. Kuhe, Boulengerochromis microlepis, ambaye ni mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa familia ya sikilidi na anayefahamika sana katika masoko ya Kigoma, hawezi kuwekwa pamoja na samaki wadogo wa mawe ijapokuwa wote hutoka katika ziwa moja.

Swali la tatu: silaha

Katika ziwa hilo hilo yumo kambale wa umeme, aliyepewa jina la Malapterurus tanganyikaensis mwaka 2000. Ni mnene, laini, hana pezi la mgongoni lenye mwiba, na huenda polepole. Mtu asiyemjua angemdhani kuwa ndiye mpole kuliko wote. Lakini kambale wa jenasi hiyo wana kiungo cha umeme kilichozunguka mwili chini ya ngozi, na wakubwa waweza kutoa mshtuko wa volti 300 na zaidi. Wanautumia kuwatia ganzi samaki wanaowala na kuwafukuza adui. Maji ya ziwa, kwa kuwa yana chumvi nyingi zilizoyeyuka, hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Kambale huyu hupasa kukaa peke yake, na mwanafunzi asitie mkono katika tangi lake.

Kwa hiyo upole wa umbo si hoja, na asili moja ya maji peke yake haitoshi.

Swali la nne: uzazi

Mchujo huu watuacha na ngogo, yaani kambale wa jenasi ya Synodontis. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 100 barani Afrika, na karibu 10 kati yake huishi katika Ziwa Tanganyika. Ngogo wa ziwani ni samaki wa kupendeza, wenye madoa meusi na mapezi yenye kingo nyeupe. Hujificha mapangoni mchana na kutoka jioni. Akishikwa, husugua mwiba wa pezi la kifuani katika tundu lake na kutoa mlio wa kukwaruza.

Anayevutia macho zaidi ni Synodontis multipunctatus, aliyepewa jina na Boulenger mwaka 1898. Katika tangi hufikia takriban sentimita 15, hana mdomo mkubwa, wala hana umeme. Maswali matatu ya kwanza ameyajibu vizuri. La nne ndilo linaloonyesha tabia yake ya ajabu.

Sikilidi wengi wa ziwa hili huatamia mayai kinywani. Jike hutaga mayai machache, huyaokota mara moja, na huyahifadhi mdomoni mpaka vifaranga viweze kuogelea. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato alitangaza katika jarida la Nature kwamba alikuta vinywani mwa sikilidi wa spishi sita watoto wasiokuwa wao, bali wa S. multipunctatus. Ngogo jike na dume hujipenyeza mahali ambapo sikilidi wanataga. Hula baadhi ya mayai, na papo hapo humwaga ya kwao. Mama sikilidi, akiharakisha kuokota mayai yake, huokota na ya mgeni. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema. Vifaranga vyake, vikisha kumaliza kiini cha yai, huanza kuwala watoto wa mwenye kinywa humo humo kinywani. Mama huendelea kulinda kwa uaminifu wauaji wa wanawe.

Tabia hii yafanana na ya ndege aitwaye kekeo, ambaye hutaga mayai katika viota vya ndege wengine na kuwaachia kazi ya kulea. Miongoni mwa samaki ni jambo la nadra sana.

Je, sikilidi hawana kinga? Wanayo, lakini inategemea historia yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science Advances na wanasayansi wa Jamhuri ya Czech ulilinganisha sikilidi wa Tanganyika na wale wa maziwa mengine ya Afrika ambako ngogo huyu hayupo. Wale wa Tanganyika, ambao wameishi naye kwa vizazi vingi mno, walijua kumkwepa na kuyatema mayai ya kigeni zaidi kuliko wenzao. Wageni walidanganyika kwa urahisi.

Funzo lake kwa mwenye tangi ni kubwa. S. multipunctatus hawaui wakazi wenzake wakubwa. Kwa mtazamaji wa siku moja anapatana nao kabisa. Lakini katika tangi lenye sikilidi wanaoatamia kinywani, na hasa wakiwa wametoka ziwa lingine, aweza kukatisha kizazi chao. Kupatana, basi, kuna maana mbili: kutouana leo, na kila spishi kuweza kuacha wazao kesho.

Uamuzi

Kambale anayefaa zaidi kwa tangi la mfano wetu ni ngogo mdogo wa mawe, Synodontis petricola, au ndugu yake wa karibu S. lucipinnis, aliyetenganishwa naye rasmi na Wright na Page mwaka 2006. Hawa kwa kawaida hawazidi sentimita 12 hivi. Hula wadudu wa majini na mabaki ya chakula, hupenda kukaa kwa makundi, na hutaga mayai yao wenyewe katika nyufa za mawe. Kundi la watano au sita latosha. Waweza kuwekwa pamoja na sikilidi wa mawe wenye ukubwa wa wastani, kama vile wa jenasi ya Tropheus, ambao huatamia kinywani, au Julidochromis, ambao hulinda mayai mapangoni. Lakini mayai yaliyoachwa bila ulinzi usiku yataliwa na ngogo. Jambo hilo halina dawa ila kuwapa wazazi mapango membamba.

Mnunuzi awe mwangalifu asiuziwe spishi moja kwa jina la nyingine. Alama ya kutazama ni tumbo: la S. multipunctatus ni jeupe lisilo na madoa, na la S. petricola lina madoa. S. lucipinnis ana sehemu nyeupe katika mashina ya mapezi yake, kama dirisha dogo.

Kutayarisha tangi

Tangi lenye urefu wa sentimita 200, upana wa 60, na maji ya kina cha 50, huchukua sentimita za ujazo 600,000, yaani lita 600. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 600, mbali na kioo na mawe. Meza ya darasani haiwezi kuubeba. Kijengwe kitako cha matofali, na mawe yapangwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga, ili samaki wakichimba yasiporomoke.

Usiku wa kiangazi katika nyanda za juu una baridi. Ili kupandisha joto la lita 600 kwa nyuzi 1, zahitajika kilojuli 600 × 4.2, yaani 2,520. Hita ya wati 200 ingetumia sekunde 12,600, au saa 3 na nusu, hata kama hakuna joto linalopotea. Hesabu hiyo hiyo ina upande wa faraja: maji mengi hupoa polepole. Tangi kubwa lililofunikwa na kuwekwa mbali na dirisha huvumilia usiku mmoja bila umeme kuliko tangi dogo.

Hewa nayo si ya kusahauliwa. Katika kimo cha mita 1,200 kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban moja ya nane kulinganisha na pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho. Samaki wa Nyakitonto wapunguzwe idadi kuliko vitabu vya nchi za tambarare vinavyoshauri, na maji yarushwe-rushwe kwa pampu ya hewa.

Jambo la hatari zaidi ni amonia, itokayo katika kinyesi na chakula kilichooza. Majini amonia huwa katika hali mbili: ioni ya amonia, isiyo na madhara makubwa, na gesi ya amonia iliyoyeyuka, ambayo ni sumu. Uwiano wao hutegemea pH. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, gesi huwa kiasi cha 6 tu katika kila 1,000. pH ikiwa 8, huwa 5 katika kila 100. Ikiwa 9, huwa 36 katika kila 100. Maji yale yale yanayomfaa ngogo wa ziwani ndiyo yanayougeuza uchafu wake kuwa sumu kali. Hivyo tangi lipewe wiki kadhaa kabla ya kujazwa samaki, ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wastawi katika kokoto na chujio. Baadaye robo ya maji ibadilishwe kila wiki: lita 150, yaani ndoo 7 na nusu za lita 20.

Vipande vya mawe ya chokaa katika chujio hupandisha pH taratibu. Karatasi ya litimasi haitoshi, kwani huonyesha asidi au alkali bila kutaja kiasi. Itumike karatasi ya kiashiria yenye jedwali la rangi. Kama tangi ni la saruji, lilowekwe na maji yamwagwe mara nyingi kwanza, maana chokaa ya saruji mpya huua.

Kuwasafirisha na kutowaachia

Kutoka Kigoma mjini hadi Nyakitonto ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Samaki wasilishwe siku moja kabla ya kusafirishwa, ili wasichafue maji. Ngogo asivuliwe kwa wavu, kwani miba yake hunasa. Achotwe kwa chombo kigumu. Mfuko wa plastiki nao hutobolewa na miba hiyo, hivyo ndoo yenye mfuniko ni bora. Kabla ya kukamata au kununua samaki wa ziwani, shule imwone afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma, na ushauri wake ni wa kutafutwa.

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Samaki wa tangi asiachiwe kamwe katika Malagarasi, kijito wala bwawa la kijiji, hata kama shule imechoka kumfuga. Sangara alipopandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, hakuna aliyeona kwa hakika kitakachotokea. Baadaye sikilidi wadogo wa spishi nyingi mno walitoweka au wakawa adimu. Utafiti wa ngogo na kinywa cha sikilidi umeonyesha sababu mojawapo: kiumbe asiyepata kuishi na adui fulani hana kinga dhidi yake. Kuchagua samaki anayepatana na wenzake ndani ya kioo na kuyalinda maji ya nje yasipate mgeni asiyefaa ni elimu moja.

Maswali ya mazoezi

1. Tangi lina urefu wa sm 150, upana wa sm 50 na kina cha maji cha sm 40. Tafuta ujazo wake kwa lita, na idadi ya ndoo za lita 20 za kubadilisha robo ya maji.
2. Eleza kwa nini ziwa linalopoteza maji yake mengi kwa mvuke huwa na chumvi kuliko mito inayoliingia.
3. Kambale mumi ana sifa zipi zinazomfaa mfugaji wa bwawa na zisizomfaa mwenye tangi la mchanganyiko?
4. Kwa kutumia nadharia ya uteuzi asilia, eleza kwa nini sikilidi wa Tanganyika huyatema mayai ya ngogo kuliko sikilidi wa maziwa mengine.
5. Pima pH ya maji ya kisima, ya mto na ya mvua katika eneo la shule yenu. Ni yapi yangehitaji mawe ya chokaa zaidi ili yamfae ngogo wa ziwani?